Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Aliyeupima Ua Wangu wa Kayaba

Ephantus Njau,
Gatongora, Ruiru.
Jumatatu.

Kwa Bi. Wakonyo,
Mwalimu Mkuu, Kalimoni.

Mwalimu Mkuu mpendwa,

KUH: MWALIMU KYENGO, MISTARI SAMBAMBA, NA HESHIMA YA BOMA LANGU

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku Gatongora hatujambo, isipokuwa mgongo wangu na hili jambo ninalokuandikia. Hatujawahi kuonana mimi nawe, lakini nimeambiwa wewe ni mama mwenye msimamo, na kwamba walimu wako wakisikia viatu vyako vikija hukumbuka ghafla walikuwa wapi kwenye somo. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemhitaji, na ninamhitaji kabla ya Jumamosi.

Nijieleze kwanza, usije ukadhani umeandikiwa na mtu aliyekosa la kufanya. Mimi ni mzee wa kanisa. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda Thika, upande wa mitambo ya kufumia. Kazi yangu ilikuwa kuziangalia nyuzi zinavyoingia kwenye mtambo, nyuzi nyingi kuliko nywele za kichwa changu cha wakati huo, kila mmoja umenyooka kando ya mwenzake bila kumgusa. Uzi mmoja ukiegemea mwingine, kitambaa kimeharibika, na jina lililoitwa lilikuwa langu. Kwa hivyo mistari sambamba mimi sikuisoma darasani, nilikula nayo ugali. Nasema haya ili ujue kwamba aliyedharauliwa si mtu wa kubahatisha.

Sasa mambo yenyewe. Marehemu baba yetu alitugawia shamba mimi na kaka yangu mkubwa, Gerishon. Katikati akaacha kichochoro kinachotoka barabarani mpaka kwenye malango yetu, ambayo yako huko chini, yanatazamana. Akapanda ua wa kayaba upande huu, na mwingine upande ule. Kayaba unaijua. Mwiba wake ukikuingia, hata kama ulikuwa unaimba wimbo wa Mungu unaukatiza. Halafu baba akapitisha bomba la maji kutoka kwangu kwenda kwa Gerishon, likaukata ua wangu, likapita kichochoroni kimshazari, likaukata na ua wake. Na huko chini kabisa, mbele kidogo ya malango, mama akapanda mti wa avokado. Basi. Nyua mbili, bomba moja na mti mmoja.

Wewe kwa kuwa ni mwalimu umeshaona tayari: mistari miwili, na wa tatu unaoikata. Mimi nilikuwa naona ua na bomba, na nililala vizuri.

Ni lazima ujue pia kwamba mimi na Gerishon hatusemezani. Ilianza na koti. Alikuwa anapita kichochoroni akienda kanisani, koti lake jipya likachanwa na mwiba begani. Akasema ni ua wangu ulioingia njiani. Mimi nikasema ni wake. Koti lilikuwa limepita katikati ya zote mbili, na kayaba haina mdomo wa kuungama. Tangu hapo tunasalimiana ibadani tu, pale mchungaji anapotuambia kila mtu amsalimie jirani yake, na hata hapo tunapeana mikono huku tukiitazama mimbari.

Sasa huyu mwalimu wako wa hesabu, Kyengo, anataka kumwoa binti yangu Rachael. Sina neno na hilo. Kama ni Ukamba, Wakamba ni watu wazuri, na mama yake, Bi. Ndila, alinitumia ndengu ambazo mpaka leo nazisifu. Jumamosi hii ndiyo ruracio, watu wao wanakuja kuzungumza mahari na sisi. Ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Gatongora nzima, kama si mambo haya yafuatayo, ambayo nayaorodhesha kwa heshima.

1. Kupima mali ya mtu bila kualikwa.

Kijana anayekuja kujitambulisha kwao msichana anajulikana anavyokaa. Anaunganisha magoti, anakula anachopewa, na akiulizwa kama ameshiba anasema bado. Huyu wako alifika akiwa ametanguliza bega, kwa sababu huko chini karibu na lango kichochoro kimekuwa chembamba kidogo na mtu hupita kiubavu kama anayetafuta nafasi kwenye kiti cha kanisa. Mikono yote miwili ya suti ilikuwa na miiba. Mtu mwenye adabu angeing'oa kimyakimya. Yeye aliomba ruhusa aone bomba.

Mwalimu Mkuu, alilala kifudifudi kichochoroni akiwa na suti. Akatoa kwenye mkoba ile nusu duara ya plastiki ambayo watoto hununua ndani ya kisanduku cha jometri. Dada zangu, yaani tata zake Rachael, wakatoka na vikombe vya chai kuja kutazama. Akaeleza kwamba bomba linapokutana na ua wangu kuna pembe, na linapokutana na ua wa Gerishon kuna pembe nyingine, zote mbili zikitazama chini kwenye malango. Nyua zikiwa sambamba, pembe hizo mbili zikijumlishwa lazima zifike mia na themanini. Yeye alipata mia na sabini na saba.

Kwa hivyo, akasema mbele ya dada zangu, nyua hizi si sambamba. Zinakaribiana kadiri zinavyoshuka, na mtu akizivuta mbele zilivyo zitagongana kwenye shina la avokado.

Digrii tatu! Katika ukoo wetu hakuna hata mmoja mwenye digrii tatu, na huyu anataka nilale bila usingizi kwa sababu ya hizo tatu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji ndiye aliyeugua.

2. Kuifundisha nyumba yangu.

Hakuishia hapo. Tulipokaa kula aliombwa na tata mmoja aeleze tena, naye, badala ya kusema hesabu ni ya shule, akakata chapati yangu vipande virefu akavipanga mezani. Akaonyesha pembe za Z, ambazo huwa sawa mistari ikiwa sambamba. Akaonyesha za F, nazo huwa sawa. Akaonyesha za U, hizo ndizo zinazojumlishwa. Halafu wakala Z yote na mchuzi.

Tangu siku hiyo nyumba yangu imekuwa darasa. Jumapili iliyopita akina mama wa kanisa waligundua kwamba benchi la mbele na la pili hayako sambamba, wakayasogeza wakati wa matangazo, na katibu akasoma tangazo la mazishi kwa sauti ya kushindana na mabenchi. Mke wangu Waceke ndiye mbaya zaidi. Nikisema ua wangu umenyooka, ananyanyua vidole viwili kama U, ananionyesha, halafu anavibana taratibu upande wa juu huku ananitazama. Nimeishi na huyu mama miaka mingi na hajawahi kunishinda kwa maneno, sasa ananishinda kwa vidole.

3. Kuninyang'anya ugomvi wangu.

Hili, Mwalimu Mkuu, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilipoona kijana ameshapima, nikasema moyoni, haidhuru, kila ubaya na faida yake. Ikiwa kuna ua uliopinda, huo ni wa Gerishon, na sasa kuna mwalimu wa kushuhudia. Nikamwambia apime aseme ni ua wa nani uliohama. Nilimwongezea na nyama.

Akatoka tena. Safari hii hakutazama bomba peke yake. Akainama ndani ya boma langu, akapapasa majani, akapata visiki vya zamani, vile vya kayaba aliyoipanda baba kwa mkono wake. Vilikuwa ndani, mbali na ua wa sasa, na kadiri alivyoteremka vilizidi kuwa mbali. Akavuka kwa Gerishon bila woga, akapata visiki vingine, navyo viko ndani vilevile. Akavuta kamba kwenye visiki vya pande zote mbili, akapima pembe za Z pale kamba zinapokatwa na bomba. Zikatoka sawa kabisa. Baba alikuwa amepanda sambamba. Tuliozipinda ni sisi.

Eti sababu ni kwamba kila mmoja wetu hupogoa ua wake upande wa ndani tu, ule anaouona akinywa chai. Upande wa kichochoroni hakuna anayeugusa, kwa maana tangu lile koti kila mtu anasema akionekana anausafisha atakuwa amekubali kwamba ni wake uliokosea. Sasa ua ukikatwa ndani mwaka baada ya mwaka na nje ukaachwa, unatembea. Huko juu barabarani tunapogoa pande zote kwa sababu watu hupita wakaona, ndiyo maana huko haujahama. Huku chini umehama. Wangu umekwenda kwa Gerishon na wa Gerishon umekuja kwangu.

Hebu nihurumie. Ugomvi ule nilikuwa nimeutunza vizuri. Nilikuwa najua asubuhi ninamkasirikia nani na kwa nini. Kijana amekuja na plastiki, amesema kosa ni letu wote wawili na linalingana, na mimi nimebaki na hasira ambayo haina pa kukaa. Nikimkasirikia Gerishon kwa ua wake, najiona mjinga kwa ua wangu. Je, katika mafunzo ya ualimu hawafundishwi kwamba kuna vitu vya wazee havipimwi?

4. Kumchochea binti yangu.

Kwa desturi yetu, siku ya ruracio baba wa binti hajisemei. Ndugu yake mkubwa ndiye hukaa mbele, ndiye huwauliza wageni wametafuta nini hapa kwetu, ndiye humwita binti aulizwe kama anawajua hawa watu. Mimi nilikuwa nimepanga binamu yetu wa Juja akae mahali pa Gerishon. Ni mtu wa sauti nzuri, na koti lake halijawahi kuchanika.

Rachael aliposikia, alikuja akasimama mlangoni na sare yake ya duka la dawa, hakukaa hata. Akasema, "Baba, kama Baba Mkubwa hatakaa mbele, nikiitwa sitatoka. Waambie wageni warudi na mbuzi wao."

Mimi nilimlea huyo msichana. Gerishon ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye kichochoro hichohicho, enzi zile kichochoro kilikuwa na upana wa baiskeli na mtu mzima anayekimbia kando akiishikilia. Siku hizi baiskeli peke yake haiteremki. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo, lakini nimeshaandika kwa wino.

Waceke anasema mtoto hajakosea. Tata zake wanasema hivyohivyo. Tena wanasema hata Gerishon angekubali, wageni watapitia wapi? Akina mama wa Kikamba huja wakiimba bega kwa bega, wamejitwika mizigo, na mbuzi mbele. Je, nataka waingie kwangu mmojammoja kiubavu, wimbo umekatika? Tangu niulizwe hivyo nalala mapema, bila usingizi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na nadhani utaona si makubwa.

Kwanza, Mwalimu Kyengo akatazwe kutoka na kifaa cha jometri nje ya lango la shule. Polisi wakimaliza zamu si huacha bunduki kituoni?

Pili, mistari sambamba ifundishwe karatasini tu. Karatasini haina ndugu.

Tatu, Mwalimu Kyengo aniandikie cheti chenye mhuri wa shule yako, kinachosema nyua za Gatongora ziko sambamba kwa kadiri ya kutosha. Nikikipata nitakibandika langoni, wageni watakisoma wakiwa wanangoja zamu ya kupita.

Nne, ikiwa cheti hakiwezekani kwa sababu ya hizo digrii tatu, basi naomba upeleke neno huko juu wizarani ili hapa kwetu Ruiru jumla ya pembe hizo ihesabiwe kuwa mia na sabini na saba. Siombi nchi nzima. Thika wabaki na mia na themanini yao, sina ugomvi na Thika. Na si milele, ni mpaka Jumamosi jioni, wageni wakishapanda magari. Wanafunzi watakaofanya mtihani wiki hii waelezwe mapema wasichanganyikiwe.

Tano, ikiwa wizara nayo itakataa, naomba Kyengo afundishe Kiswahili. Ana mdomo mzuri, na ngeli hazijawahi kuhamisha ua wa mtu.

Natumaini utalishughulikia hili kama mzazi, maana nasikia wewe pia una binti, na siku moja atakuletea mtu mwenye mkoba. Wasalimie walimu wote wa shule yako, yule wa hesabu akiwa wa mwisho. Wasalimie wapishi, bawabu, na wanafunzi hasa wale ambao jometri imewashinda, waambie Gatongora wana rafiki. Waceke anakusalimu pia, kwa vidole.

Ni mimi wako katika unyoofu,

Ephantus Njau,
Mzee wa kanisa.

Nyongeza. Alhamisi.

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi Jumatatu, nimeifungua.

Nilifikiri kwamba ukisoma utaniuliza mimi nilipata ngapi nilipopima. Sikuwa nimepima. Kyengo alikuwa ameisahau ile plastiki yake kwangu, au Rachael aliisahau kwa niaba yake, kwa hiyo Jumanne asubuhi niliichukua nikashuka kichochoroni nipate namba yangu mwenyewe ya kuambatisha.

Nikamkuta Gerishon amepiga magoti penye bomba. Alikuwa na nusu duara yake mpya, amenunua dukani hapa Gatongora, ameishika kichwa chini. Hatukutazamana. Kila mtu aliitazama plastiki yake. Halafu akasema, "Ephantus, sufuri ya hiki kitu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika, lakini yeye ni mkubwa na alikuwa ameuliza. Tukapima. Yeye akapata mia na sabini na sita, mimi nikapata mia na sabini na nane, na hapo ndipo tulipokubaliana kwa mara ya kwanza tangu lile koti: huyu kijana ni mwongo. Kumbe na yeye Gerishon alikuwa anakuandikia barua ya kumshtaki Kyengo kwa kuvuka ua wake. Ikikufikia usishangae kwamba zinafanana. Malalamiko yake na yangu ni yaleyale, yameandikwa tu kutoka pande tofauti.

Tukapanga kumwaibisha. Jumamosi akija na ile mia na sabini na saba yake mbele ya mama yake, akute si kweli. Tulileta mapanga, tukavuta kamba kwenye visiki vya baba, tukaanza kukata upande wa nje, mimi wangu na yeye wake, mgongo kwa mgongo. Gerishon alikuja na lile koti la zamani, lilikuwa na kiraka begani. Katikati ya kazi likachanika bega la pili. Tulisimama tukaangalia ni ua wa nani, tukashindwa kujua, tukacheka mpaka Waceke akatoka mbio kuuliza nani amekufa.

Tumemaliza leo. Tumepima pamoja, mmoja anashika, mwingine anasoma, na ni mia na themanini. Kyengo ameaibika. Basi naomba yale maombi yangu matano yote uyafute, pamoja na lile la wizara, maana Ruiru sasa tumeshaifikia ya Thika. Nakuomba moja tu: umruhusu kijana atoke mapema kesho Ijumaa, na plastiki nyingine aje nayo. Gerishon anataka atupimie huko juu barabarani pia, na hamtaki mtu mwingine. Anasema yeye ndiye atakayekaa mbele Jumamosi, kwa hivyo lazima amjue vizuri anayemhoji. Rachael ameshuka kichochoroni jioni hii na baiskeli ya jirani, Baba Mkubwa anakimbia kando ameishikilia, na binti mwenyewe ni mtu mzima wa kuolewa. Mimi nilisimama langoni nikajifanya nina kitu jichoni. Ni kweli kilikuwepo.

Barua hii ataileta Gerishon mwenyewe kwa mkono, anapita Kalimoni. Mfuko alioubeba ni wako. Hizo ni avokado za mti wa mama, miaka hii yote zilikuwa zinaanguka tu kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anaziokota. Zimeiva, uzile leo.